Binti Asiyeulizwa Jina

Bukavu, Nyamugo, tarehe 14 Januari 2024

Maisara, mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima, kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima juu ya kilima kinachoteremka kila mvua inaponyesha. Mke wangu Sikujua anakusalimu. Mgongo bado unamsumbua. Ndugu yetu Abdulhamid bado yuko sokoni Kadutu na vitambaa vyake, bado anasoma kwa kufuata maneno kwa kidole, na bado watu wanamwita mheshimiwa. Mji huu ukikosa mtu wa kumheshimu huokota yeyote.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Kila tukipigiana, mmoja wetu anakata. Barua hii nampa Jacques, yule anayepakia mizigo ya ndege pale Kavumu. Itakufikia Shabunda siku ndege itakapojaliwa kuruka.

Mwaka huu nimewaanzishia wanafunzi wa darasa la sita la sekondari tanzia za Wayunani wa kale. Nimewaeleza shujaa wa tanzia ni nani: si mtakatifu, si jambazi, ni mtu mkubwa kuliko wenzake anayeangushwa na kosa lake mwenyewe, na kosa hilo mara nyingi limelala kitanda kimoja na sifa yake. Mvulana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu mutu iko muzuri ao iko mubaya?"

Nikamjibu, "Ni mkubwa."

"Sasa kama iko mukubwa, juu ya nini anaanguka?"

Nikamtoa nje. Hawa watoto wanataka kila mtu awe sabuni au awe uchafu.

Na wiki iyo hiyo mkuu wa shule akawaleta uwanjani wale wachekeshaji wa shirika la afya. Ngoma, kelele, na mwanamume mzima amevaa mabawa ya mbu anakimbizwa na mwenzake mwenye chandarua. Shule nzima ilicheka mpaka ikalia. Mimi nilifunga dirisha. Unajua kwa nini nawachukia watu wale. Niliyemzaa aliacha chuo kikuu, aliacha fasihi niliyomlisha tangu akiwa mdogo, akaenda kuruka na watu kama hao. Mama yake anasema sasa yuko Kisangani kwa mama yake mdogo. Sijauliza zaidi. Jina lake usiliandike katika barua yako.

Kaka yako,
Akilimali


Shabunda, 25 Februari 2024

Kaka Akilimali,

Wa alaikum salam. Barua yako ilifika imelowa mafuta ya mawese, lakini nilisoma yote. Niko muzima. Kwenye maternite, kwa mama wanaozaa, kazi iko mingi. Wiki hii tulizalisha mapacha wawili wa mama mumoja aliyetembea kutoka mbali sana, na wote wazima, al-hamdulillah. Bati ya jikoni inavuja. Mupe Sikujua pole ya mugongo.

Jina uliyonikataza sitaliandika. Wewe ni mukubwa wangu.

Nikupe habari ya nyumba. Tangu marehemu mume wangu afariki nilizoea kimya, lakini sasa kimya imekwisha. Tangu mwezi wa kumi niko na binti mumoja hapa. Baba yake alimufungia mulango kule kwao. Alikuja huku na kazi, hakuwa na mahali pa kulala, nikamuchukua. Iko mukaidi, kaka! Redio ikikosea Kifaransa anaisahihisha, anabishana nayo kama vile redio iko na masikio. Samaki anaanzia kula mukia. Nikimwambia apumzike, ananijibu: "Mvivu hupumzika, mwenye akili hubadilisha kazi." Sijui uliisha sikia maneno hayo mahali.

Sasa niambie. Nasikia kwenye hizo tanzia kuna kitu kinaitwa kinaya. Ni nini? Nifundishe kama vile sijasoma.

Mimi,
Maisara


Bukavu, tarehe 17 Machi 2024

Maisara,

Ramadhani karim. Tumefunga, na jirani zetu nao wamefunga, ingawa kwa harufu ya maandazi inayotoka kwao saa sita mchana huwezi kujua. Sikujua anakusalimu. Nilipomsomea barua yako, pale pa samaki na mkia alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu. Mgongo, nadhani.

Kwanza, andika "mmoja", andika "mkaidi". Tulikaa benchi moja katika shule moja. Usijifanye umezaliwa sokoni.

Kinaya ni hivi. Watazamaji wamekaa, wanajua kila kitu. Shujaa amesimama mbele yao, hajui. Anasema neno akiwa na maana moja, wao wanasikia maana ya pili, nayo ni ya kutisha. Anamlaani mkosaji, na mkosaji ni yeye. Anamhurumia mgeni, na mgeni ni damu yake. Pembeni wako wazee wa mji wanaoimba. Wanajua nusu, wananung'unika nusu, lakini hawasemi. Kuyafuata haya kunataka sikio lililozoea kusikia kilichofichwa nyuma ya maneno. Mimi ninalo. Wanafunzi wangu hawana, na sitegemei wapate.

Naona umeokota tena. Mwaka juzi uliokota kasuku, mwaka huu msichana. Anayebishana na redio ni wa kuhurumiwa; elimu nusu ni mbaya kuliko ujinga mzima. Na msemo ule kauiba. Ni wangu. Wanafunzi wangu wameutawanya mpaka msituni na hakuna anayetaja mwenyewe. Mwambie akome.

Akilimali


Shabunda, 28 Aprili 2024

Kaka,

Idi mubarak, hata kama imechelewa. Ndege haikushuka wiki tatu, uwanja ulikuwa matope. Tulisali hapa, tukala pilau, yule binti akaimba na watoto wa mutaa mpaka muadhini akacheka. Surua imewasumbua watoto kwenye vijiji, lakini mama zao wanaanza kuwaleta kwenye chanjo.

Nilimuambia binti akome kutumia musemo wako. Akaniambia: "Mwenyewe anautaka? Basi aje auchukue."

Kaka, niko na neno kubwa. Kuna kijana anataka kumuoa. Muislamu, anasali, hanywi, anatunza mama yake. Baba wa binti hataki, anasema kazi ya kijana haina heshima. Binti aliandika, baba hakufungua. Ndugu ya baba alikwenda kumusemesha, baba akamukatiza, akaanza kuongea mambo ya bei ya makaa. Sheikhe wetu anasema baba akikataa bila sababu ya dini, ndugu yake anaweza kusimama kuwa walii, amuozeshe. Lakini anaogopa kumuvunjia mutu heshima. Anataka kusikia mutu aliyesoma. Nikamuambia: niko na kaka yangu.

Niambie wazi wazi. Huyo baba iko na haki ao hana?

Na swali la pili. Hao wazee wanaoimba pembeni, kama wanajua, mbona hawamuambii huyo shujaa?

Maisara


Bukavu, tarehe 19 Mei 2024

Maisara,

Salamu. Mvua imebomoa ukuta wa choo cha shule, na mkuu ameunda kamati ya kuutazama. Wanautazama. Sikujua yuko vizuri. Abdulhamid alikuja tena juzi akitaka kuniambia "jambo la familia". Nikamwambia kama ni la makaa aseme, kama ni lingine aniachie nisahihishe mitihani.

Umeuliza kuhusu huyo baba. Namjua. Sijawahi kumwona, lakini nimekutana naye kila mahali katika mji huu: ni yule anayebeba heshima yake kama mtu anayebeba mayai, hata kumshika mtoto mkono hawezi kwa kuogopa kuyaangusha. Kijana anasali, anatunza mama yake, kazi yake si haramu. Huyo mshamba anataka nini tena, malaika mwenye diploma? Na binti anapoandika, hafungui! Mtu anayeogopa bahasha anajiita mwanamume.

Msomee sheikhe wako maneno haya kama yalivyo: Baba anayenyamaza binti yake anapomwomba, amekwisha jibu. Amejivua ubaba mwenyewe, hakuna aliyemvua. Ndugu yake asimame, aozeshe, asiogope. Na baba akija kulia baadaye, asipewe hata mkeka wa kukalia. Weka jina langu chini: Akilimali bin Ramazani, mwalimu.

Umeuliza pia kwa nini wale wazee hawamwambii shujaa. Swali zuri, ni mara ya kwanza mtu ananiuliza mwaka huu. Hawamwambii kwa sababu yeye hajawahi kuuliza swali ambalo hana jibu lake tayari. Mtu wa namna hiyo utamwambia kupitia mlango gani?

Akilimali


Shabunda, 9 Juni 2024

Kaka yangu,

Salamu. Sisi wazima.

Nilimusomea sheikhe maneno yako, mara mbili. Ameridhika. Harusi itakuwa Jumamosi tarehe sita ya mwezi wa saba, hapa kwangu.

Kaka, njoo. Sijawahi kukuomba kitu tangu mama yetu afariki. Panda ndege, uje ukae mbele. Usiniulize kwa nini. Ao uniulize. Ukiniuliza tu, nitakujibu.

Maisara


Bukavu, tarehe 23 Juni 2024

Maisara,

Salamu nyingi. Nimepata barua yako ikiwa ya mistari michache, nikadhani umekosa wino.

Sitakuja. Nina mitihani ya serikali, na hata nisingekuwa nayo, sioni sababu ya kuruka juu ya msitu katika ndege ya mizigo, nimekaa juu ya magunia ya chumvi, ili nimwone msichana nisiyemjua akiolewa na mvulana nisiyemjua. Lakini utafurahi: mke wangu anakuja. Mgongo ambao haumruhusu kushuka Kadutu umemruhusu kupanda ndege. Abdulhamid naye anakuja, ameshona kanzu mpya. Wanawake na wafanyabiashara watavuka mto wenye mamba kwa ajili ya sahani ya pilau.

Mji umepata wazimu. Nikiingia kwa kinyozi watu wananyamaza. Mkuu wa shule ameniuliza kama sitasafiri mwezi ujao. Nikamuuliza, "Nisafiri kwenda wapi?" Akaangalia viatu vyake.

Bibi harusi wako sina zawadi ya kumpa ila shauri, na Sikujua atakuletea barua hii kwa mkono. Mwambie amshike vizuri huyo anayesimama badala ya baba yake. Na asiwe kama yule niliyemzaa mimi, aliyenifanya nione aibu nikiitwa baba.

Akilimali


Shabunda, 21 Julai 2024

Kaka Akilimali,

Salamu utazipata kwa mke wako. Mimi leo sina salamu.

Anaitwa Faida. Binti niliye naye tangu mwezi wa kumi ni Faida, mutoto wako. Hakufika Kisangani hata siku moja. Alikuja Shabunda na wale wachekeshaji uliowafungia dirisha, kuwaambia mama za huku walete watoto kwenye chanjo. Kijana ni Nasoro. Ulimuona shuleni kwako mwezi wa kwanza, walipokwenda Bukavu, Faida akabaki hapa: ni yeye, njo yule mwenye mabawa ya mbu. Ndugu ya baba aliyekatizwa na habari za makaa ni Abdulhamid. Mke wako alijua. Kinyozi alijua. Mukuu wa shule alijua, na kila mutu alimungojea mwenzake akuambie.

Usiniandikie kwamba nilikudanganya. Nilikuwekea samaki, nikakuwekea redio, nikakuwekea musemo wa kinywa chako mwenyewe. Wewe ukasema umeibiwa! Tangu Februari ninakuandikia juu ya huyu binti. Ulimuhukumu, ulimuhurumia, ulimukosoa. Jina lake hukuuliza hata mara moja. Ungeuliza, ningekuambia siku ile ile. Nilikuwa nimejiapia.

Wewe na sikio lako lililozoea kusikia kilichofichwa.

Sheikhe alitaka kujua kitu kimoja tu, kama kijana iko na kasoro. Baba wa binti akaandika kwamba hana, akaweka jina lake na la baba yetu chini. Abdulhamid alisimama. Alikosea maneno, ikabidi ayarudie mara ya pili. Mke wako Sikujua alilia mpaka kitambaa kikalowa. Ndoa imefungwa.

Lakini kuna jambo bado, na hili linaniuma. Lile shauri lako kwa bibi harusi sikumusomea. Nilikuwa ninahangaika na masufuria, barua nikaiacha mezani. Akaingia na hina bado haijakauka kwenye mikono, akaisoma yote. Akaniuliza, "Shangazi, hii ni mwandiko wa papa?"

Nikasema, "Njo yake. Lakini hakujua ni wewe."

Akakunja barua, akairudisha pale pale ilipokuwa, akaenda kuwapatia wageni chakula. Hakulia. Ningependa angelia.

Maisara


Shabunda, tarehe 15 Septemba 2024

Maisara,

Utashangaa kuona mahali nilipoandikia. Niko nyumbani kwako, na wewe, nasikia, uko nyumbani kwangu.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Mke wangu Sikujua aliporudi nilimuuliza, "Umejua tangu lini?" Akasema, "Tangu mwanzo." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaendelea kuchambua mchele. Kwa Abdulhamid sikwenda. Mtu anayechukua nafasi ya kaka yake katika kanzu mpya sina la kumwambia. Nimewakasirikia wote, na bado nimewakasirikia. Mlikaa mkanitazama kama watu waliolipia kiingilio.

Kisha juma lililopita nikaenda Kavumu nikapanda ndege. Sikumwambia mtu. Nilitaka kuingia mlangoni kwako bila kutangazwa, nimkute amekaa, nimwambie nilichokuja nacho. Nikakuta kufuli. Jirani yako maman Consolate ndiye aliyenipa ufunguo na kunieleza kwamba mmekwenda Bukavu, wewe na Faida na mumewe na ngoma zao zote, kunitafuta mimi. Tangu siku ile mvua haijakatika na uwanja umekuwa ziwa.

Nyumba yako inavuja kuliko ulivyosema. Watu wa hapa hawana adabu ya kubisha hodi. Wanaingia, wanakaa, wananiita "papa ya Faida". Mwanamke mmoja ameniletea kuku, amesema mwanawe angekufa kwa surua kama si Faida kumfuata yeye mama mpaka shambani na kumbembeleza ampeleke kwenye chanjo. Nilimwambia kwamba Faida hakusomea udaktari. Akanitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe akizungumza.

Mwambie anisubiri. Asiondoke. Mwambie nilikuja.

Akilimali


Bukavu, 29 Septemba 2024

Kaka,

Barua yako imefika na ndege ya kwanza, ile iliyojaa mizigo bila nafasi ya mutu. Nakuandikia hapa kwenye meza yako, kati ya vitabu vyako. Sikujua anakusalimu. Hakuna mutu mugonjwa.

Wamekwisha ondoka. Nikuambie vile ilivyokuwa, kwa sababu naona hata hili hulijui.

Ndege uliyopanda njo ile tuliyoshuka. Kule Kavumu ulisimama chini ya bati na sanduku yako. Tulishuka na ngoma, vijana wakiimba, Nasoro amebeba zile mabawa kwenye kichwa. Faida alikuona wa kwanza. Aliangusha mufuko wake akaita, "Papa! Papa!" Wewe ukanyosha shingo, ukaona ngoma, ukaona mabawa, ukafanya ule mudomo wako, ukageuza mugongo. Nilitaka kukukimbilia, askari wa uwanja akanizuia, akasema tupite njia ya mizigo. Tulipozunguka, mulango wa ndege ulikuwa umefungwa.

Nilimuambia Faida, "Kelele ya injini. Hakusikia."

Akasema, "Shangazi, aliangalia."

"Aliangalia ngoma, hakukuona wewe."

"Ni kitu kimoja."

Barua yako ilipofika nilimusomea kwenye simu, pale unaposema ulikwenda kumutafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mutu anayetafuta mutu, anaangalia sura za watu." Sina la kuongeza.

Wanacheza kwenye masoko ya barabara ya kusini. Mwisho wa mwezi wa kumi watakuwa Nyangezi. Simuahidi mutu kwamba atakupokea. Mimi narudi Shabunda. Kuna mama watatu wananisubiri, na hao wakiniita nasikia.

Maisara


Bukavu, tarehe 10 Novemba 2024

Maisara,

Amani iwe kwako na kwa wale akina mama. Nimerudi, ni mzima, ila magoti. Sikujua amenikanda kwa maji ya chumvi.

Ndege sikuzisubiri. Nilipanda pikipiki ya mtu mmoja wa Mwenga, Philémon, na njia sitakusimulia, maana hakuna njia. Pale pikipiki iliponibeba nilibebwa, pale nilipoibeba niliibeba. Philémon alikuwa akiniuliza kila penye tope, "Muzee, kule unakokwenda kuko nini?" Nikamwambia kuna mchezo. Akasema watu wa Bukavu tuna wazimu.

Nimefika Nyangezi siku ya soko, matope mpaka kiunoni, na hakuna aliyenitambua. Walikuwa wamekwisha anza. Nilisimama nyuma, kati ya wauza mihogo.

Nikuambie kweli, maneno ya mchezo ule ni takataka. Sarufi hakuna, mwanzo hakuna, mbu anaingia mahali ambapo mbu hana kazi. Faida alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Anajigamba kwa majirani kwamba ukoo wake haujawahi kuugua, kwamba chanjo ni ya watu dhaifu, na huku anajigamba watu wote wanaona kitambaa mgongoni, vile yule mtoto wa bandia kichwa kimemlalia upande. Yeye haoni, kwa kuwa mtoto yuko mgongoni. Anaendelea kujisifu. Mwanamke aliyesimama karibu nami aliangusha beseni lake la mihogo akapiga kelele, "Maman, geuka! Geuka uangalie mutoto!" Soko lote likaanza, geuka, geuka, mpaka wanaume. Miaka yote hii nimefundisha jambo hilo ubaoni kwa chaki, na sijawahi kumwona mtu akidondosha hata kalamu.

Nami nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Walipomaliza nilingoja watu wapungue. Nilikuwa na hotuba. Niliitunga tangu msitu wa Mwenga, ilikuwa na sehemu za kutosha na Kiswahili chake kilikuwa safi. Faida alikuwa anakunja kitambaa. Akainua macho akaniona. Hakurudi nyuma wala hakuja mbele. Amekonda kidogo. Ana sura ya mama yetu, na mimi nilikuwa nimeisahau.

Nasoro alisimama na bawa moja mkononi, mdomo wazi. Mwuguzi mkuu wa zahanati ya pale, maman Virginie, mtu mchangamfu, akaja akatutazama mmoja mmoja. "Huyu muzee ni nani, Faida? Njo papa yako?"

Faida akasema, "Hapana. Ni mwalimu wangu wa zamani."

Alisema kwa upole, Maisara. Hakutaka kuniumiza wala kunitukana. Alikuwa kama mtu anayejibu swali.

Virginie akanigeukia. "Kweli, muzee? Ulimufundisha wewe?"

Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nilijua ninachoweza kudai: damu, jina, sheria. Nilikumbuka pia ni nani aliyempa sheikhe maneno kwamba baba huyo amejivua ubaba.

Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa mwanafunzi wangu."

"Ah! Basi uko na bahati. Iko mwanafunzi muzuri." Akaita kijana alete kiti, akawaambia watu wa zahanati kwamba mwalimu wa Faida amefika, apewe chakula. Wakaniweka mezani, karibu na Nasoro, ambaye aliniangalia mpaka akamwaga mchuzi. Nikamwambia si neno.

Faida akaja na birika na beseni, akasimama mbele yangu kama anavyosimama mbele ya mgeni yeyote. Nikanyoosha mikono, naye akanimwagia maji.

Akilimali